Milango ya Kijani Kutoka Ilembo kwenda Katumba

Wenzangu mliobaki dirishani, mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ya matangazo madogo ilivyokuwa kabla ya simu zenu kuanza kupiga kelele mfukoni kila dakika. Nimeahidi nitafanya hivyo, kwa sharti kwamba msitarajie kusikia nilipandishwa cheo lini. Nilipandishwa, nikashukuru, na meza ikabaki ileile. Ninachotaka kuwaachia ni habari ya tangazo moja, kwa sababu mara nyingi mmeniuliza kwa nini nilikuwa nikiwarudisha wateja waliokuja kutangaza kitu cha bure na kuwauliza maswali kama mchumba anayechunguzwa ukoo.

Nilianza kazi redioni nikitoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari, nikiwa na nia ya kusoma habari za mkoa. Siku ya kwanza mkuu wa vipindi alinitazama, akanisikiliza nikisoma, kisha akaniambia niende kwanza dirishani kwa Mama Prisca "nikazoee watu". Nilidhani ningezoea kwa wiki moja hivi. Nimestaafu mwezi uliopita nikiwa bado pale.

Dirisha lenyewe mnalijua: lile linaloelekea barabara ya sokoni Kashaulili, lenye nondo zilizong'arishwa na mikono ya watu. Zamani hapakuwa na kiti upande wa nje. Mama Prisca, aliyekuwa akiliendesha tangu redio ilipofunguliwa, aliamini kwamba mtu akikaa huanza kusimulia, na akisimama husema anachotaka. Miaka iliyofuata nilikuja kuona kwamba waliosimama nao walisimulia vilevile, ila walisimulia wakiwa wamechoka, na hilo halikumfaa yeyote. Kiti nikakiweka mimi. Ni badiliko pekee nililothubutu kufanya katika himaya yake, naye hakulitaja kamwe, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kupiga makofi.

Alikuwa mwanamke wa Kifipa, mrefu, mwenye miwani aliyoivaa kwenye paji la uso muda wote na kuitafuta muda wote. Sauti yake ya redioni mnaikumbuka wengine. Hakuwa na haraka. Aliposoma tangazo la mbuzi aliyepotea, ungeweza kumwona mbuzi. Alinifundisha kwamba kitu kilichopotea hutangazwa kwa alama zote isipokuwa moja, ili atakayekuja kudai aulizwe ile iliyobaki. "Mbuzi mweusi, jike, amekatwa sikio," ungesema hewani, kisha ukanyamaza kuhusu kamba ya bluu shingoni. Wakija watu watatu, mwenye kamba ndiye mwenye mbuzi. Ni mahakama ndogo, lakini sikuwahi kusikia rufaa yake.

Kulikuwa na jambo jingine alilonifundisha, ambalo mwanzoni nililiona kama ukaidi wa uzee. Kitu cha bure, alisema, hakitangazwi bila sababu. "Watu wa huku si kwamba hawapendi vya bure," aliniambia. "Wanapenda. Ila kitu kisipokuja na sababu yake, kila mtu atakitafutia sababu, na sababu watakayoipata haitakuwa nzuri." Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Chuoni tulifundishwa kwamba neno bure ndilo neno lenye nguvu kuliko yote katika tangazo, na aliyetufundisha hivyo alikuwa mtu wa heshima, ila hakuwahi kuishi Mpanda.

Basi mwaka mmoja, mavuno ya mahindi yakiwa yameshaanza na vumbi la kiangazi likiwa limeshakaa juu ya kila kitu, alipiga simu mzee mmoja wa Ilembo. Nitamwita Mzee Lameki. Alikuwa amemiliki lori kwa miaka mingi, akabeba tumbaku na mbao na harusi za watu, hadi miguu ilipomkatalia kukanyaga klachi. Lori akaliuza. Banda lake akaamua kuligeuza vyumba vya wajukuu, na milango miwili mikubwa ya banda hilo ikabaki imeegemezwa ukutani, ikizuia jua la jikoni kwa mkewe. Alitaka itangazwe kwamba inatolewa bure. Aliongea kama mtu anayeogopa kuishiwa salio la simu kuliko dhambi.

"Milango miwili ya banda la lori, ya chuma, bure, ije ichukuliwe Ilembo karibu na mashine ya kusaga. Jina msitaje."

"Mzee, kwa nini unaitoa?" Mama Prisca alimuuliza.

"Kwa kuwa siihitaji." Simu ikakatika.

Mama Prisca alipiga tena, simu ikawa imezimwa. Mkuu wa vipindi alitaka nafasi za asubuhi zijae, kwa hiyo tangazo likasomwa kama lilivyokuja, nami nikabaki dirishani kupokea watakaoulizia mahali nyumba ilipo.

Walikuja. Mji mzima ulikuja, isipokuwa mtu mwenye mkokoteni. Fundi mmoja wa kuchomelea alisimama pale dirishani akiwa na miwani yake ya kazi shingoni.

"Dada, aliyekuwa na hiyo milango yuko hai?"

"Yuko hai. Amepiga simu mwenyewe."

"Mwenyewe mwenyewe, au mtu alisema ni yeye?"

Mama mmoja muuza dagaa, ambaye hakuhitaji mlango wa lori kwa namna yoyote, aliuliza kama ndani ya banda hilo hakuna mtu aliyewahi kufa. Mwingine alikuja na hoja ambayo mpaka leo sijaipatia jibu. "Kama ni ya bure kweli," alisema akinyanyua kidole, "mbona jirani yake hajaichukua?" Waliokuwa nyuma yake wakaguna kwa kuafiki. Mmoja akasema milango ikitolewa bure ni kwamba imechukuliwa mahali usiku na sasa imekuwa moto mkononi. Kufikia saa sita mchana milango ya Mzee Lameki ilikuwa imeibwa, imefiwa na imerogwa, wakati yenyewe imeegemea ukuta Ilembo ikizuia jua.

Wiki ikapita. Hakuna aliyeichukua. Wachache walikwenda kuitazama kwa mbali, wakiwa wamekunja mikono, kama watu wanaotazama gari lililopinduka.

Hapo ndipo alipokuja Odilia.

Alikuwa mama wa makamo, amejifunga kitenge cha njano, miguu imejaa vumbi la barabara ya Katumba. Nilimfahamu kwa sura, maana kikundi chao cha akina mama wakulima kiliwahi kutangaza mkutano kwetu. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Alikulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, akaolewa Katumba, akapata uraia pamoja na wenzake, na alilima mahindi kuliko wanaume wengi ninaowajua. Hakuja moja kwa moja kwenye jambo. Aliuliza habari za nyumbani kwangu, akaniuliza habari za redio, kisha akasogea karibu na nondo.

"Dada, ile milango bado ipo?"

"Ipo, mama. Bado hujaogopa kama wenzako?"

Alicheka kidogo. "Mimi wafu siwaogopi. Nauliza hivi: ina karatasi?"

Nilimwita Mama Prisca, naye akatoka na miwani kwenye paji la uso, akamfungulia Odilia mlango wa ndani, jambo alilolifanya kwa watu wachache sana. Odilia akaeleza. Kikundi chao kilikuwa kimejenga ghala la matofali ya kuchoma. Kuta zimesimama, bati limepigwa, lakini mdomo wa ghala waliuacha mpana ili tela la trekta liweze kuingia kinyumenyume, na mlango wa upana ule hawakuuweza. Mahindi yalikuwa yamelundikwa uani chini ya maturubai. Mbuzi walishayagundua, na walanguzi pia. Malori yao yalipita kila asubuhi polepole, na waliomo ndani walikuwa wakiuliza kwa upole unaotisha: "Mama, mtauza lini?" Wanachama wawili walikuwa wameshalegea. Wakiuza wawili, alisema, watauza wote, na ghala litabaki banda la kuku lenye kuta nzuri.

"Sasa chukua milango," alisema Mama Prisca.

Odilia alitazama mikono yake. "Mama, wewe ukibeba milango miwili ya chuma kutoka Ilembo, watu watasema Mama Prisca amepata milango. Mimi nikiibeba, wataniuliza nimeitoa wapi. Nitawaambia nimepewa na nani? Na mtu asiyejulikana jina? Pale kwenye kizuizi cha polisi barabarani nitakaa mpaka mahindi yaote." Kisha akaongeza bila kinyongo, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Nina kitambulisho changu, ninakipenda. Lakini kila nikiulizwa nimetoka wapi, swali huwa si moja."

Nadhani ndiyo mara pekee nilipomwona Mama Prisca akiivaa miwani machoni bila kuwa na kitu cha kusoma.

Kesho yake alinichukua tukaenda Ilembo kwa pikipiki mbili. Mzee Lameki alitupokea akiwa ameketi kwenye mlango wa banda lisilokuwa tena na milango. Mama Prisca alimwamkia, akasifu vyumba vya wajukuu, akanywa chai, na kikombe kilipofika katikati akauliza.

"Mzee wangu, jina lako silihitaji. Nataka sababu tu."

"Sadaka haina sababu," alijibu mzee.

"Yako inayo. Kila mtu ameipa ya kwake. Leo asubuhi nimesikia milango yako imetoka makaburini."

Mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, aliangua kicheko hadi ungo ukayumba. "Nilimwambia!" alisema. "Nilimwambia baba huyu, watu watadhani tumeiba!"

Mzee akakuna goti. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kana kwamba anakiri deni, kwamba milango hiyo naye hakuinunua. Mkandarasi mmoja aliyekuwa akijenga barabara alipofunga kambi yake alimwachia, kwa kuwa aliwahi kuwavuta na lori lake siku walipozama kwenye tope. "Nilipewa. Nikiiuza, nitalala vipi?" Akainua kichwa. "Lakini jina langu hapana. Mtu akijua ni mimi, kila nikienda kanisani watanipa kiti cha mbele, na mimi goti langu linataka kiti cha nyuma, karibu na mlango."

"Jina tumeliacha," alisema Mama Prisca. "Ila milango yako nitaisema ninavyotaka. Unakubali?"

"Milango semeni. Yenyewe haina aibu."

Tukaikagua. Kwa ninyi ambao hamjawahi kupokea kitu kikubwa, zingatieni alivyofanya. Aligonga bati kwa kidole kusikia kama kutu imelila kwa ndani. Alihesabu bawaba na kuzichezesha moja moja. Alipitisha kiganja kwenye fremu kutafuta mahali palipochomelewa mara ya pili. Milango yote ilikuwa na rangi ya kijani iliyopauka, kila mmoja ukiwa na chuma cha mshazari mgongoni, na ule wa kushoto ulikuwa umebonyea upande wa nje, katikati, ukubwa wa sufuria ya wali. "Ni siku ya kwanza nilipoingiza lori," alisema mzee. "Nilidhani breki zipo." Mkewe akacheka tena.

Tukiwa njiani kurudi nilidhani Mama Prisca angemwandikia Odilia karatasi yenye muhuri wa redio. Nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba karatasi huonekana na mtu mmoja, tena yule aliyeamua kuitazama. Alikuwa na kitu kingine kichwani, na siku iliyofuata nilikisikia pamoja na mkoa mzima, baada ya taarifa ya habari ya asubuhi. Nimekisoma moyoni mara nyingi tangu hapo. Alisema hivi, polepole, kama alivyosoma mbuzi:

"Msikilizaji, leo milango miwili ya banda la lori inasafiri. Inatoka Ilembo inakwenda Katumba, kwenye ghala la mahindi la akina mama. Ni ya chuma, ya kijani kilichopauka, na wa kushoto umebonyea katikati upande wa nje. Mwenye nayo alipewa, hakununua, naye ameitoa. Waliopokea wamepokea. Imebebwa na trekta jekundu lenye tela. Ukiiona njiani, ipishe, na ukiweza isukume."

Angalieni alichokifanya. Alivunja kanuni yake mwenyewe ya kubakiza alama moja. Alizitoa zote, kwa sababu safari hii hapakuwa na mwongo wa kunaswa. Palikuwa na mtu mkweli aliyehitaji kutambuliwa, na njia yote ndiyo ilipaswa kumtambua. Jina la mtoaji halikutajwa. La mpokeaji nalo halikutajwa, kwa ombi lake. Milango ndiyo iliyotajwa, na milango, kama alivyosema mzee, haina aibu.

Nilipanda kwenye tela. Hakunituma mtu, nilitaka kuona. Odilia alikaa juu ya milango yenyewe pamoja na wenzake wawili, ameshika bawaba kama mtu aliyeshika usukani. Tulipotoka Ilembo watu walisimama vibarazani. "Hiyo hiyo! Milango ya redioni!" Vijana wa bodaboda walitusindikiza wakipiga honi mpaka karibu na reli. Penye kilima, trekta lilipoanza kukohoa, wanaume waliokuwa wakipakia mkaa waliacha kazi wakaja kusukuma tela, na mmoja akamtania Odilia: "Mama, mlango mkubwa hivi, mume wako anatoka na kurudi mara ngapi?" Odilia akamjibu kwamba mumewe ni mwembamba, mlango ni wa mahindi, maana mahindi ndiyo yanayorudi nyumbani kila mwaka bila kuitwa. Wanawake wenzake wakapiga vigelegele.

Kisha tukafika kizuizini, na kicheko kikaisha. Nilimwona Odilia akishuka, akiweka kitenge sawa, akigusa mfuko wa kitambulisho chake kabla hajaulizwa. Askari alikuwa mtu mzima, mwenye tumbo la heshima. Ndani ya kibanda chake redio ilikuwa ikilia. Alizunguka tela mara moja.

"Redioni wamesema mmoja umebonyea."

"Ndiyo, afande."

"Huu mimi naona umevimba."

Nilifungua mdomo niseme mimi ni wa redio, lakini Odilia alinizuia kwa mkono.

"Afande, tumeilaza kifudifudi. Unaona mgongo. Inama hapa chini, utaliona shimo lenyewe."

Askari alimtazama, akatazama tumbo lake, akatazama ardhi. Mwisho akainama, akishika gurudumu, akachungulia chini ya tela ambako ubao mmoja ulikuwa umeng'oka. Alikaa huko muda uliotosha mtu kusali sala fupi. Alipoinuka alikuwa na vumbi kwenye paji la uso.

"Lipo," alisema. "Kubwa. Aliyegonga hapa hakuwa na breki." Kisha akanyanyua mti wa kizuizi kwa mkono wake mwenyewe. "Piteni, mama. Mahindi yakiwa mengi mtukumbuke."

Hakumuuliza ametoka wapi. Tulipokwenda kama hatua hamsini hivi Odilia aliketi tena juu ya milango, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge, na hakuna kati yetu aliyemtazama.

Milango ilifungwa ghalani siku hiyohiyo. Fundi alilazimika kukata matofali kidogo upande wa juu. Malori ya walanguzi yalipita asubuhi iliyofuata, yakapunguza mwendo, na yakaongeza mwendo. Wale wanachama wawili waliolegea walikuwa wa kwanza kuingiza magunia yao.

Mama Prisca alistaafu, akaniachia dirisha na tabia ya kuuliza sababu. Yuko hai, msije mkaanza kuuliza; ana duka la vitenge Kashaulili na miwani bado iko kwenye paji la uso. Zilikuja simu za kisasa, yakaja makundi ambamo mtu hutupia picha ya kitanda na kuandika "bure, inbox". Nimewaona mkishangaa kwa nini kitanda hicho hukaa mwezi mzima kikipigiwa makofi na hakuna anayekuja kukichukua. Sasa mnajua.

Katika wiki yangu ya mwisho kazini, Odilia alisimama dirishani. Nywele zimekuwa nyeupe. Aliuliza habari za nyumbani, akauliza habari za redio, kisha akakaa kwenye kiti.

"Ghala tumelipanua, dada. Tumeweka milango ya kusukuma pembeni. Ile ya kijani tunaitoa."

Kalamu ilikuwa mkononi. "Sababu?"

"Unaijua. Tulipewa."

"Na jina, nilifiche kama kawaida?"

Aliweka viwiko viwili kwenye ukingo wa dirisha, akausogeza uso wake karibu na nondo, kama siku ile ya kwanza, ila safari hii hakushusha sauti. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walimsikia wote.

"Litaje. Odilia Nahimana. Lote. Na Katumba uitaje, watu wajue imetoka wapi."

Nililisoma mwenyewe baada ya taarifa ya habari, polepole, kwa namna niliyofundishwa. Nilitaja rangi, nikataja bawaba, nikataja palipobonyea. Nikamtaja yeye, nikaitaja Katumba. Kabla sijarudi dirishani simu ya mezani ilikuwa ikilia. Alikuwa mwanamume, fundi seremala, sauti ya mtu aliyekimbia. Hakuuliza kama mwenye milango yuko hai. Hakuuliza karatasi.

"Dada, ni ile ya kijani, yenye shimo la sufuria? Basi mwambie Mama Odilia asimpe mtu. Ninakuja."